Nililia wimbo wa taifa, kisha nikamfungia mlango mama wa Goma

Maswali ya wasomaji: Mama Mwalimu anajibu, Lubumbashi

SWALI

Jambo Mama Mwalimu. Heshima kwako. Ninasoma ukurasa wako tangu ulipokuwa ukijibu mambo ya masomo ya watoto tu, na sikufikiri kwamba siku moja nitakuandikia. Ninakaa Katuba, kazi yangu ni kutengeneza friji na redio, na nina watoto watano. Nyuma ya nyumba, ndani ya lupango langu, kuna anekisi ya vyumba viwili ambayo huwa ninapangisha.

Tarehe 7 Februari 2024 tulikusanyika nyumbani kutazama Leopards, timu yetu ya taifa ya Kongo, wakicheza nusu fainali ya Kombe la Afrika kule Abidjan. Wimbo wetu ulipopigwa, wachezaji walifunika mdomo kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili wakaweka vidole viwili kichwani kama bunduki. Walikuwa wanasema kwamba ndugu zetu wa Mashariki wanauawa na dunia imenyamaza. Nililia mbele ya watoto wangu. Tulifungwa bao moja kwa sifuri na Côte d'Ivoire, lakini machozi yale hayakuwa ya mpira.

Mwaka uliofuata Goma ikaanguka mikononi mwa waasi wa M23. Miezi mitatu baadaye mama mmoja alipiga hodi kwangu, yuko na watoto wanne na mama mkwe wake mzee. Walitoka Goma wakapita Bukavu na Uvira, wakafuata ziwa Tanganyika hadi Kalemie, kisha wakapanda malori mpaka huku. Aliambiwa na mtu kwamba anekisi ni tupu, na ilikuwa tupu kweli. Jirani yangu alinivuta pembeni akasema: "Angalia sana. Unawajua? Watu wa kule wanakuja na mambo ya kule." Basi nikamwambia mama yule kwamba garanti, yaani kodi ya kutanguliza, ni miezi sita. Wapangaji wote waliotangulia niliwachukulia mitatu. Nilisema sita kwa sababu nilijua hana. Alinishukuru, akamshika mama mkwe mkono, wakaenda.

Binti yangu wa miaka 16 alikuwa anawasha mbabula, alisikia yote. Akaniambia: "Papa, ulililiaka batu ya Goma ku televizyo. Sasa bamefika ku mulango, unabafukuza?" Tangu siku hiyo ananiletea bukari, anaweka mezani, anaondoka bila neno.

Mama, niambie ukweli. Je, mimi siipendi nchi yangu? Na kwa mtu wa kawaida, ambaye si askari wala mwanasiasa, kuipenda nchi ni kufanya nini?

Baba wa Katuba

JIBU

Jambo Baba wa Katuba. Machozi yako yalikuwa ya kweli, na usikubali mtu akuambie kwamba ulikuwa unaigiza, hata awe binti yako. Mimi pia nililia usiku ule. Anayewalilia watu walio mbali zaidi ya kilomita 1,000, ambao hajapata kuwaona kwa macho, ana kitu ndani yake. Unachoniuliza ni wapi kitu hicho kilikwenda mama yule alipopiga hodi. Nitakujibu kwa mambo yangu mwenyewe, maana mimi pia kiliwahi kunitoka, na siku yenyewe ninaikumbuka.

Nilizaliwa katika mji huu mwaka 1951, ulipokuwa ukiitwa Elisabethville. Sijaishi nje ya Katanga hata mwaka mmoja, lakini nimesimama chini ya bendera sita. Kwanza ile ya buluu yenye nyota moja ya manjano, ya wakati wa Wabelgiji. Tarehe 11 Julai 1960, siku 11 tu baada ya uhuru, Moïse Tshombe alitangaza kwamba Katanga imejitenga. Tukapewa bendera nyekundu na nyeupe, mstari wa kijani katikati, na misalaba mitatu ya shaba, na mwalimu akatufundisha wimbo mpya. Mwaka 1963 tukarudi Kongo, bendera nyingine. Mwaka 1971 nchi ikawa Zaire, tukaimba chini ya kitambaa cha kijani chenye mkono ulioshika mwenge. Mwaka 1997 nyota zikarudi. Hii ya leo tunayo tangu 2006. Zote nilizipandisha, zote niliziimbia kwa kifua chote, na nilipokuwa mwalimu niliwafundisha watoto wa watu kuimba hivyo hivyo. Ndiyo maana, Baba, mimi simpimi mtu kwa wimbo. Ninajua jinsi wimbo unavyofundishwa.

Sasa nikupeleke Likasi. Mwaka 1992 nilikuwa ninafundisha huko, darasa la nne. Darasa la tano lilikuwa la mama mmoja wa asili ya Kasai, upande mwingine wa Kongo. Nasema asili, lakini mama huyo alizaliwa Likasi, na mama yake vile vile. Aliyetoka Kasai ni babu, aliyeletwa zamani za Wabelgiji, kampuni za shaba na za reli zilipokuwa zikitafuta mikono ya kazi mbali kwa sababu ya hapa haikutosha. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi hii. Nilipofika pale kijana, mwandiko wangu ubaoni ulikuwa unapanda kama njia ya mlimani. Siku moja watoto walipotoka aliingia darasani kwangu na msumari, akakwaruza ubao mistari miwili myembamba kutoka ukingo mpaka ukingo. Kutoka kwenye mabenchi huioni. Mwalimu aliyesimama karibu na chaki mkononi anaiona. Akaniambia: "Utembee katikati." Kila ubao niliopewa baada ya hapo, mpaka nilipostaafu, niliukwaruza mistari ile.

Agosti 1992 Mkutano Mkuu wa Taifa kule Kinshasa ulimchagua Étienne Tshisekedi, mtu wa Kasai, kuwa waziri mkuu mahali pa Nguza Karl-i-Bond, mtu wa huku. Hasira ya wakubwa ikateremshwa juu ya wadogo. Watu wa Kasai wakaanza kuitwa bilulu, yaani wadudu, mchana, sokoni, na watu tuliokuwa tukiwajua. Likasi nyumba zikavunjwa milango, wengine wakachomewa. Kolwezi ikafuata mwaka 1993. Maelfu wakalala kwenye stesheni wakingoja treni ya kupanda Kamina na Mwene-Ditu mpaka Kananga, nchi ambayo wengi wao hawakuwahi kuikanyaga. Waliongoja wiki, waliongoja miezi. Watoto wengi walifia pale pale na njiani.

Asubuhi moja ya mwezi wa kumi mwenzangu alikuja nyumbani kwangu kabla ya kengele. Alikuwa ameifunga rejista ya darasa lake ndani ya kipande cha kitenge. Akanipa akasema: "Uendelee nao." Usiku ule walikuwa wamelala nje, yeye na mumewe na watoto. Mimi, Baba, nilikuwa na chumba kitupu. Kaka yangu alikuwa amehamia Kipushi, kitanda chake kipo, godoro lipo. Sikukitaja. Nilipokea rejista kwa mikono miwili kama mtu mwenye heshima, nikamwuliza kama amekunywa chai.

Nilikwenda stesheni mara moja, na sufuria ya bukari na sombe. Niliporudi, vijana wawili wa avenyu yetu walinisubiri kwenye kona wakaniambia kwa upole kabisa: "Mwalimu, usiende tena." Sikwenda tena. Walisema hivyo tu, hawakunigusa. Miaka hii yote ninajiuliza wangefanya nini kama ningekwenda, na nafikiri huenda wasingefanya kitu.

Unafahamu sababu ya vijana wale kuniita Mwalimu na kunitunza? Kwa kuwa mimi ni mwenyeji. Baba yangu alikuwa Muyeke wa Bunkeya. Na Wayeke tulitoka wapi? Tulitoka Unyamwezi, upande wa Tanzania ya leo, pamoja na mfalme wetu Msiri, karne ya 19, tukifuata shaba na pembe. Babu wa babu yangu alikuwa mgeni kuliko babu wa mwenzangu alivyokuwa: huyu alitoka Kasai akaingia Katanga ndani ya Kongo ile ile, yule wa kwetu alitoka ng'ambo ya Tanganyika. Lakini mwaka 1992 mimi nilikuwa mwenye nchi, na yeye alikuwa mdudu. Hata Kiswahili hiki tunachozungumza Lubumbashi kilikuja na wageni, wafanya biashara na wafanyakazi kutoka mashariki. Mama yule wa Goma anasema bugali, sisi tunasema bukari, na wote wawili tunajua kinachopikwa.

Nirudi kwenye rejista, maana hapo ndipo jibu lako lilipo. Mwalimu mkuu aliunganisha darasa langu na lake. Majina yakawa 44. Kanuni ya shule yetu ilikuwa kwamba mtoto aliyeondoka apigwe mstari kwa rula na wino mwekundu, na pembeni mwalimu aandike tarehe. Nilikaa mezani jioni na taa ya mafuta, rula ya mti na biki nyekundu. Kila mstari ulipokwisha nilingoja wino ukauke ili rula isiupake jina la chini. Nikapiga kumi na tisa. Karibu nusu ya watoto wale walizaliwa katika hospitali ile ile nilimojifungulia wangu. Jina moja niliinua rula nikaishusha tena. Baba wa mtoto huyo alikuwa wa Kasai na alikwisha kuondoka. Mama alikuwa wa hapa na alibaki. Sikulipiga. Kila asubuhi nilipoita, mtoto huyo alijibu "prezan" kwa sauti ndogo sana, huku anaangalia mlango.

Jumatatu tukapandisha bendera kama kawaida. Ile ya kijani, yenye mwenge. Wimbo ulikuwa ule ule, maneno yale yale ya amani na haki na kazi. Lakini sauti ilikuwa nusu. Ninachosema ni sauti yenyewe, iliyotoka kwenye koo za watoto: uwanja ule ule, na unasikia mahali palipokosa watu, kama vile kwaya inapokosa sauti ya pili. Watoto waliobaki walikuwa wakitazamana. Nilisimama pale mkono kifuani na kwa mara ya kwanza maishani sikuweza kumaliza ubeti. Nchi yangu ilikuwa imepunguka kumi na tisa, na bendera ilikuwa nzima.

Kwa hiyo ukiniuliza kama unaipenda nchi yako, Baba, nakujibu hivi: unaipenda, kama mimi nilivyoipenda na chumba changu kitupu. Mapenzi yetu yalikuwa na nguvu ya kufika mbali, yakakosa nguvu ya kufungua mlango wa nyuma. Mimi sioni kwamba hiyo ni mapenzi kidogo yanayohitaji kuongezwa. Naona kwamba hatukujua yanatumika wapi. Tulifikiri yanatumika uwanjani, kwenye maandamano, siku ya tarehe 30 Juni. Hakuna aliyetuonyesha kwamba yanatumika kwenye bei ya garanti.

Na kwa kuwa umeitaja garanti, tuseme wazi. Sheria ya upangaji ya 31 Desemba 2015 inasema garanti ya nyumba ya kuishi isizidi miezi mitatu. Miezi sita uliyomtajia mama yule ni kinyume cha sheria ya Kongo, iwe kwake au kwa mtu wa Katuba. Wengi wetu tunasema leta, yaani serikali, haifanyi kitu, leta imekufa. Lakini hapo leta ilikuwa imefanya, ilikuwa imeandika, na ulikuwa wewe peke yako wa kuitimiza ndani ya lupango lako, bila polisi, bila hakimu.

Kuna jambo jingine ambalo ningependa binti yako alisome mwenyewe. Katiba yetu ya 2006, ibara ya 63, inasema kwamba kila Mkongomani ana haki na wajibu mtakatifu wa kuitetea nchi na mipaka yake dhidi ya uvamizi. Ibara hiyo ninaisikia sana redioni tangu Goma ianguke, na ni sawa isikike. Ibara ya 66, iko chini yake kidogo tu, pengine ukurasa ule ule, inasema kila Mkongomani ana wajibu wa kuwaheshimu Wakongomani wenzake na kukaa nao bila ubaguzi wowote, kwa namna inayolinda umoja wa taifa. Hiyo sijaisikia redioni. Na ibara ya 30 inampa kila mtu aliye nchini haki ya kutembea na kukaa anapotaka. Mama yule hakuja kuomba msaada wako, Baba. Alikuja kupanga nyumba, na alikuwa tayari kulipa.

Sasa hofu yako. Siidharau. Una watoto, una vyombo vya watu vya kutengeneza ndani ya nyumba, na hujui anayeingia. Hofu hiyo ina njia zake, na zote ni za kawaida: mwombe kadi ya mpiga kura, kama ilipotea katika kukimbia, aende komini akaombe hati ya kupotelewa na vitambulisho. Mpeleke kwa shefu wa avenyu, aandikwe kama unavyomwandikisha mpangaji yeyote. Andikeni mkataba, kila mmoja abaki na karatasi yake. Mpangaji wako wa mwisho ulimfanyia hayo? Kama ulimfanyia, mfanyie na huyu. Kama hukumfanyia, jiulize kwa nini yule hukumwogopa.

Jirani yako naye usimchukie. "Unawajua?" ni neno la zamani sana hapa kwetu. Nililisikia nikiwa na miaka kumi, mwaka 1961, Waluba walipokimbilia kambi iliyolindwa na askari wa Umoja wa Mataifa pembeni mwa mji huu huu. Nikalisikia tena 1992. Linasemwa kila mara pembeni, kwa sauti ya chini, na mtu anayekutakia mema. Vijana wa kwenye kona pia walinitakia mema. Mwambie jirani, kwa sauti ya kawaida, pale pale getini: "Bado siwajui, nitawajua wakihamia."

Kwa binti yako usitafute maneno. Msichana wa miaka 16 aliyekuuliza swali lile huku anawasha moto hataridhika na hotuba. Mpe kazi: atafute mama yule alikokwenda. Watoto wanajuana kwenye kisima na kanisani haraka kuliko sisi. Akimpata, nenda mwenyewe, usimtume mtu. Mwambie ulichofanya: kwamba garanti yako ni miezi mitatu, kwamba ulisema sita kwa makusudi, na kwamba unaomba msamaha. Mama mkwe awepo akisikia. Ni mkubwa wao, na ndiye aliyeshikwa mkono kutoka kwenye lango lako. Kama hawezi mitatu, pokea mmoja, na iliyobaki aigawe kidogo kidogo. Kama atakataa kurudi kwako, ana haki, usimsukume.

Mwenzangu wa darasa la tano nilimtafuta baada ya 1997, treni zilipoanza kuleta habari. Niliambiwa alifika Kananga, na kwamba alipata darasa. Zaidi ya hapo sikupata. Rejista ninayo. Niliiomba shuleni nilipostaafu, wakanipa kwa sababu panya walikuwa wamekwisha kula jalada, na kile kipande cha kitenge bado nimeifungia.

Baba, inawezekana anekisi yako umekwisha kumpa mtu mwingine, kwa maana barua hufika polepole. Ikiwa hivyo, usimtoe mtu huyo. Mama aje kwangu. Nina chumba cha nyuma, kikubwa, kimekuwa kitupu tangu mjukuu wangu aolewe, na kina mlango wake. Wiki hii nilikipiga chokaa na kubadilisha kitasa. Namba ya lupango nimeiacha kwa wahariri. Binti yako aiulize, na awalete kabla ya mvua kuanza, kwa sababu njia ya kuingia kwetu ina matope.